Redio ya Kaka Ndani ya Dirii

Watu wa kanisa nilikokuwa nikisali zamani, pale kando ya barabara ya Malava, husema nina moyo mgumu. Ati miaka imepita na bado siwasalimii. Nasalimia. Ila nikinyoosha mkono nakumbuka nani alikuwa amesimama wapi Jumapili ile, na mkono unarudi mfukoni wenyewe. Majina sitaandika. Vyeo nitaandika, kwa sababu cheo ndicho kilichofanya ile kazi: mchungaji, mke wa mchungaji, na karani wa mizani ya miwa. Hao ni watatu. Wa nne ni mimi, nitamfikia.

Nilisoma mpaka darasa la tano. Redio nilijifunza kwa kufungua, kuunguza, na kufungua tena. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na kibanda cha mbao sokoni, hakuna stima, chuma cha kulehemea nikipasha kwenye jiko la makaa. Kaka yangu mkubwa aliendesha trekta ya miwa. Alikuwa na redio ya kaseti yenye mkono wa kubebea, sauti yake nzito, na alikuwa anaifunganga kwa kamba ya mpira juu ya bati linalofunika tairi la trekta, hivi kwamba watu walisikia taarifa ya habari kabla ya kusikia injini. Siku moja kamba ikakatika. Redio ikaanguka, ikanyamaza, akaniletea. Kabla sijaimaliza, yeye mwenyewe akalazwa hospitali kubwa ya Kakamega. Kifua.

Jumatano nilienda kumwona. Alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi ilikuwa imepanda karibu na kiwiko. Mkewe alikuwa hapo chini kwenye mkeka, akimenya machungwa.

"Niletee redio yangu," kaka akaniambia. "Humu ndani ni kukohoa tu, sisi kwa sisi. Nataka kusikia mtu asiye na kikohozi akiongea."

"Jumamosi nakuletea."

"Jumamosi ya kalenda ama Jumamosi ya mafundi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mimi pia nilicheka. Nikasema Jumamosi ya kalenda.

Sasa sikiliza. Alhamisi asubuhi redio ilikuwa imepona. Niliiweka juu ya rafu, nikaifunika gazeti isishikwe na vumbi, na kama ningekuwa mtu wa maana ningefunga kibanda saa ile ile nikaelekea Kakamega. Lakini nilikuwa nimesema Jumamosi, na mtu akishasema Jumamosi huona kama Alhamisi si yake.

Saa sita hivi mchungaji akaja, na nyuma yake karani wa mizani amebeba gunia lenye kelele. Wakalimwaga mezani. Ilikuwa dirii: bamba la kifua, bamba la mgongo, chapeo kama ndoo iliyopasuliwa mstari wa macho, vifuniko vya magoti. Fundi mmoja wa mabati kule Khayega alikuwa ameitengeneza kwa madebe ya mafuta ya kupikia aliyoyanyoosha, akaipaka rangi ya fedha kwa nje. Ndani bado ungesoma maneno ya kiwandani, uzito na kila kitu. Askofu alikuwa anakuja Jumapili kufungua kanisa jipya, na mchungaji alikuwa ameamua kwamba baada ya ibada kutakuwa na mchezo wa silaha za Mungu. Karani ndiye angevaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote na sauti yake pale mizanini ilijulikana na kila mkulima wa miwa.

"Vaa, fundi asikie," mchungaji akasema.

Karani akavaa chapeo akaongea. Ilikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji akiomba msamaha.

"Unaona?" mchungaji akaniambia. "Kitu inaongea lakini haisikiki."

"Toboeni matundu."

"Tumetoboa. Sasa imekuwa chujio la chai na bado haisikiki. Tunataka uweke spika ndani. Askofu asikie mpaka mstari wa nyuma."

Nikawaambia kitu kama hicho kinataka redio yenye nguvu, nitoe matumbo yake niyafunge kwenye bamba la kifua, halafu maikrofoni niiweke ndani ya chapeo. Na redio zilizoko ni ndogo. Mchungaji akainua gazeti juu ya rafu.

"Na hii?"

"Hiyo ina mwenyewe. Ni ya kaka. Naipeleka hospitali Jumamosi."

"Utapeleka Jumatatu," mchungaji akasema. "Mgonjwa hakimbii."

Hayo ndiyo maneno yake, na nimeyaandika jinsi alivyoyasema, bila kuongeza chumvi. Mgonjwa hakimbii. Nikakubali. Kwa nini nilikubali, nimejiuliza mara nyingi na kila mara napata jibu tofauti. Siku nyingine nasema ni kwa sababu mchungaji hakataliwi. Siku nyingine nasema ukweli: alikuwa amesema askofu ataona kazi yangu, na mimi, mtu wa darasa la tano, nilikuwa sijawahi kuonwa na mtu mkubwa kuliko chifu msaidizi.

Ijumaa nilishinda nayo. Niliitoa ganda lake la plastiki, nikatoboa kifua cha dirii matundu madogo kwa msumari, nikakaza spika kwa nyuma yake. Mara ya kwanza nilipowasha, ilipiga firimbi mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nikasogeza maikrofoni juu kabisa karibu na mdomo, nikajaza sponji ya godoro kati ya chapeo na kifua, firimbi ikaisha. Ikabaki kunguruma. Nikafunga waya mmoja kwenye bati lenyewe, kunguruma kukapungua. Sijui kwa nini kulipungua. Wenye vyeti wanajua. Mimi nilijua tu kwamba ukifanya hivi inanyamaza.

Kuna jambo moja sikulifanya. Fundi mwingine angekata waya unaotoka upande wa stesheni, ibaki maikrofoni peke yake. Mimi sikuukata. Ilikuwa redio ya kaka, nilitaka niirudishe ikiwa nzima. Kwa hiyo niliunganisha maikrofoni kwenye kitufe cha sauti, nikazungusha gurudumu la stesheni mpaka mwisho wa mstari pasipo na mtu anayeongea, nikaliacha hivyo. Gurudumu lilikuwa limechomoza kwa nyuma, upande wa tumbo la mvaaji. Niliona. Nikasema halitaguswa.

Jumamosi alfajiri nilianza tena, kulehemu waya uliokuwa unacheza. Saa nne nikapeleka dirii kanisani kuipima. Karani alikuja amenuna.

"Daktari wa waya," akaniita, "ukinichoma na hii stima yako nitakupima kwa mizani ya miwa, na nitaandika kilo pungufu."

"Ni betri tu. Haiumi."

"Hata nyuki ni mdogo."

Akavaa, akaongea, ukuta ukajibu. Mama wa kwaya waliokuwa wakifagia wakapiga vigelegele. Alinitukana tena mara mbili kwa ile sauti kubwa, akafurahi, akaomba aendelee. Tulirudia na kurudia mpaka saa tisa, wakati pikapu ya maziwa iliposimama nje na dereva akamwita mchungaji.

Walisimama kando ya pikapu. Mchungaji aliporudi alimwita karani, wakaenda nyuma ya kanisa. Karani aliporudi alikuwa amevua chapeo na ameishika mbele yake kama kofia ya mtu aliye msibani, lakini mimi kofia ya bati sikuisoma hivyo.

"Pole kwa kazi, mwana wefwe," akaniambia.

Nikaangalia nyuma yangu nione anaongea na nani. Mtu huyo kunipa pole! Kuniita ndugu! Nikafikiri nimeharibu kitu. Nikakagua waya zote upya.

Nikamwambia mchungaji kazi imekwisha, naenda Kakamega kumwona kaka, hata kama ni mkono mtupu.

"Saa za kuona wagonjwa zimepita," akasema. "Kesho baada ya ibada nitakupeleka mimi mwenyewe. Na gari."

"Gari gani?"

"Gari itapatikana. Leo utakula kwangu."

Sikuwa nimewahi kula kwake. Mafundi hupewa chai nje, na kikombe kinaoshwa mara mbili. Jioni ile niliketishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Mke wa mchungaji alileta maji vuguvugu ya kunawa, akapiga goti kidogo akininawisha. Redio yao ilikuwa imezimwa na imefunikwa kitambaa.

"Mama, hii ni mbovu? Niangalie?"

"Wacha, mwanangu. Betri zimeisha."

Mwanangu. Mama huyo alikuwa akiniitanga "wewe wa redio". Nilimwambia nina betri mfukoni. Akasema wacha, upumzike. Mtu anakataa betri za bure! Nikaanza kufikiri labda wanataka kunifanya mzee wa kanisa. Labda wana msichana wanayetaka nimuoe. Labda wamesikia dhambi yangu fulani na wananilainisha kabla ya kuniita mbele. Nilizipitia dhambi zangu zote nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, nikashindwa kuchagua ni ipi.

Kisha chakula. Obusuma, yaani ugali, mkubwa, na ingokho, kuku mzima, kwenye bakuli. Mama akachukua mwiko, akatafuta kwenye mchuzi, akaniwekea imondo juu ya sahani yangu.

Asiye wa kwetu ajue hivi: imondo, yaani firigisi ya kuku, si nyama ya kupeana ovyo. Katika nyumba ni ya baba, na baba akiwa hayuko ni ya mwana mkubwa. Tangu baba yetu afariki, imondo alikula kaka. Mimi nilikuwa nakula mabawa. Nikamtazama mchungaji, kwa sababu ile ilikuwa yake, nyumba ni yake. Akatazama mchuzi.

"Kula," akasema.

Nikala. Nilitafuna polepole, nikafurahi kama mjinga. Nikafikiri, kumbe kazi ya waya inaweza kumpandisha mtu hivi. Kwa sababu hiyo mke wa mchungaji simsamehe, hata kama kati ya wale watatu ndiye pekee aliyekuja baadaye kulia kwangu. Alijua mwana mkubwa sasa ni nani, akanilisha cheo cha marehemu, na akaniacha nikitafuna huku natabasamu.

Jumapili askofu alichelewa. Ibada ikawa ndefu. Ilikuwa karibu saa saba na nusu watu walipotoka wakasimama uwanjani, askofu akaketi chini ya turubai, na karani akatokea nyuma ya kanisa aking'aa mpaka wengine wakaweka mkono juu ya macho. Nilikuwa nimesimama pembeni, hatua kumi hivi, ili nikisikia firimbi nikimbie.

Iliongea vizuri. Sitadanganya, ilikuwa kazi safi. Karani akauliza nani anaweza kumwangusha mtu aliyevaa hivi, na sauti ikaenda mpaka barabarani, mtu wa baiskeli akashuka. Askofu akaegemea mbele. Akanitafuta kwa macho, nafikiri, ama nilitaka iwe hivyo.

Halafu karani akapiga magoti kuomba.

Ni tumbo. Karani alikuwa mrefu lakini alikuwa na tumbo la mtu wa kukaa, na alipoinama lilisukuma gurudumu. Nilisikia mkwaruzo, nikajua ni nini kabla ya mtu mwingine kujua, na nilichofikiri ni kimoja tu: aibu. Muziki wa dunia utatoka mbele ya askofu. Lakini haukutoka muziki. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo.

Sauti ya mtangazaji ilitoka kifuani mwa dirii, safi, kwa sababu bati lote lilikuwa limekuwa eriali. Watoto wakacheka. Ikamaliza kumtangaza mzee wa mahali mbali. Kisha ikataja kijiji chetu. Ikataja jina la baba yetu, marehemu. Ikataja majina matatu ya kaka yangu, kwa mpango wake, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kifo kilichotokea jana asubuhi katika hospitali ya Kakamega. Ikataja mke wake. Ikataja mjomba wetu wa Nairobi, ambaye ndiye aliyepeleka tangazo. Na mwisho ikasema: habari hizi zimfikie pia ndugu yake, fundi wa redio, pale sokoni Malava.

Zilinifikia.

Lakini unajua nilichofanya? Sikulia. Nilitazama watu. Mama wa kwaya walikuwa wameshika midomo. Askofu alikuwa amesimama. Mtu wa baiskeli alikuwa amevua kofia. Nikamtazama mchungaji nikaona uso ambao haukushtuka. Alikuwa anaangalia saa yake. Na mkewe alikuwa tayari ameshajifunga leso kiunoni anakuja kwangu, kama mtu aliyekuwa amekaa akingoja wakati wake. Hapo mambo ya jana, pikapu, pole, kitambaa juu ya redio, imondo, yakaja yote pamoja, na bado sikuelewa. Niliyaona tu, kama matumbo ya redio usiyoijua.

Nikatembea mpaka kwa karani. Alikuwa bado amepiga magoti, na kuinuka kwenye bati peke yako huwezi. Nikaanza kufungua kamba za mgongo. Mikono ilikuwa sawa, mikono haikujua.

"Fungua polepole, mwana wefwe," karani akaninong'oneza ndani ya chapeo. "Si mimi. Mimi nilisema tumwambie jana. Ni mchungaji alisema tungoje askofu ale kwanza, ndiyo kazi isiharibike."

Alinong'ona. Lakini maikrofoni ilikuwa mdomoni mwake, na ile redio haikujua siri. Uwanja wote ulisikia, mpaka barabarani. Tungoje askofu ale kwanza.

Askofu akamgeukia mchungaji. "Ulikuwa unajua?"

Mchungaji akaja, akaweka mkono begani pangu, akaongea kwa sauti ili wote wasikie. "Kwetu kifo hakirushiwi mtu kama jiwe. Mtu hukalishwa, hulishwa, huambiwa polepole. Shemeji yake alinitumia dereva wa maziwa, ati nimwambie vizuri. Nilikuwa natafuta njia nzuri."

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo, nikiwa na mvi. Kwa sababu alisema kweli. Ndivyo tunavyofanya. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu "mzee ni mgonjwa kidogo, hebu twende nyumbani" hali mzee alikuwa ameshavalishwa suti. Nimekalisha watu, nimewapa uji. Basi nilikuwa nimekasirikia nini? Kaka alikuwa ameshakufa Jumamosi asubuhi, kabla ya pikapu, kabla ya imondo. Hata wangeniambia saa ile ile nisingemkuta. Karani aliniuliza hivyo baadaye, ati, "Ulipoteza nini?" Nina jibu sasa, lakini ni la Alhamisi, si la Jumamosi. Alhamisi redio ilikuwa imepona. Angesikia watu wasio na kikohozi Alhamisi jioni na Ijumaa yote. Hapo kuna mtu alisema mgonjwa hakimbii, na kuna mtu mwingine alikubali.

Askofu alitoa gari yake inipeleke Kakamega, nikaikataa. Nilitoa matumbo ya redio ndani ya dirii, nikakata waya wa maikrofoni kwa meno, nikapitia kibandani nikairudisha kwenye ganda lake na kukaza skrubu mbili kati ya sita. Dereva wa pikapu ya maziwa alinichukua bila kuniambia neno, na namshukuru kwa hilo.

Getini Kakamega askari aliniangalia.

"Hiyo redio unampelekea nani?"

"Kaka yangu."

"Wodi gani?"

Nikataja wodi. Nikataja na kitanda. Akaniruhusu. Nilikuwa nimefika mlangoni mwa wodi ndipo nikakumbuka, na mtu mwingine alikuwa amelala pale, na mgonjwa wa kitanda cha pili akanitambua, akageuza uso ukutani.

Shemeji nilimkuta nje, kwenye nyasi karibu na chumba cha maiti, ameketi na furushi la nguo za kaka. Juu ya furushi kulikuwa na ile saa ya mkononi. Akaiona redio.

"Umeleta," akasema.

"Nimeleta."

Hakuigusa. Nikaketi kando yake. Akaniambia kwamba Jumamosi asubuhi kaka aliamka akiwa na nguvu kidogo, akauliza leo ni siku gani. Akaambiwa Jumamosi. Akauliza ni saa ngapi. Akaambiwa saa moja.

"Akasema, 'Bado mapema. Mafundi hawajaamka.' Akacheka. Akageuka upande wa mlango."

Nilikuwa nimeamka. Saa moja ya Jumamosi ile nilikuwa nimekaa kibandani, jiko linawaka, chuma mkononi, redio yake imefungwa kwenye kifua cha bati mbele yangu. Shemeji sikumwambia. Nilizungusha tu lile gurudumu, nikalirudisha mpaka mwisho wa mstari, pasipo na mtu anayeongea.